Mche wa Pamba Jikoni

Kitendawili! Kimelala hakiugui, kimenyamaza hakijafa. Ni nini hicho? Atakayesema ni mtoto mchanga amekosa. Atakayesema ni nyoka wa kiangazi amekosa pia, tena amenitisha. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Msinipe Mwanza wala Tabora, miji mikubwa ina wenyewe. Nipeni Segese, kwenye njia ya mchanga mwekundu iendayo Kahama, niende nikarudi na jawabu. Na nikiwa huko nitaonyesha ukweli wa methali isemayo kwamba nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Maana yake ni hii: jambo lililotendwa kwa moyo safi, hata likipotea njia, mwisho wake huponya, na neno lililotoka katika moyo wa choyo, hata likipakwa asali, mwisho wake hubomoa.

Katika miaka ile ya sitini, Uhuru ulikuwa bado mchanga kama ndama ambaye mama yake hajamaliza kumlamba. Pale Segese palikuwa na duka la Champaklal, mfanyabiashara wa Kihindi aliyehamia na jamaa yake kutoka Shinyanga mjini. Aliuza chumvi, kaniki, majembe na mafuta ya taa, na pia makarai kwa watu waliopita wakienda kuosha dhahabu mitoni. Nyuma ya duka palikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba uwanja, na pembeni mwa uwanja jiko la udongo lililoezekwa kwa nyasi. Aliyetawala uwanja huo hakuwa Champaklal. Alikuwa mama yake, Bibi Lataben, mjane mwembamba kama sindano na mkali kama sindano hiyohiyo. Pamoja nao aliishi mke wa Champaklal, Bhagwati, ambaye maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache kama mvua ya Agosti, na mtoto wao wa pekee, Girish, mwenye umri wa miaka minne.

Kila asubuhi Limi, mama yake Makoye na mke wa Bujiku, mkulima wa pamba na mfugaji, alikuja na kibuyu cha maziwa kichwani. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba jogoo wa huku aliwaamsha watu wa kule. Limi na Bibi Lataben walikuwa wamefahamiana kwa miezi kumi tu, lakini urafiki wao ulishika mapema kama mbegu iliyoangukia samadi. Kilichowaunganisha kilikuwa vitendawili. Kila asubuhi walitegana, na aliyeshindwa alitoa faini: bibi alitoa konzi ya sukari, Limi aliongeza kikombe cha maziwa.

"Shikamoo, bibi. Mwangaluka!" Limi alisalimu kwa Kiswahili na Kisukuma kwa pamoja.

"Marahaba, Mama Makoye. Mwangaluka. Leo umeleta maziwa au umeleta maneno?"

"Vyote viwili. Kitendawili!"

"Tega."

"Babu yangu akicheka, meno yote humtoka."

Bibi Lataben alifikiri. Akataja mahindi, akataja boga, akataja hata marehemu mumewe. Limi akacheka mpaka kibuyu kikamtikisika mikononi.

"Umeshindwa, bibi. Ni tumba la pamba! Likicheka, pamba yote nje."

"Wewe mtoto, utanifilisi sukari," bibi alisema, akachota konzi. Alichota kubwa kwa makusudi.

Mwezi wa saba mwaka huo surua iliingia Segese kama mgeni asiyebisha hodi. Girish aliugua. Mwili ulimchoma kama jiwe la juani, macho yakavimba, na kwa siku tisa Bibi Lataben hakuvua viatu wala hakulala kitandani. Limi alikuja asubuhi na jioni, akiulizia hali. Mtoto alipona, lakini alibaki mwepesi kama kapu tupu. Siku ya tisa hiyo, bibi aliweka nadhiri kwa Mama Shitala.

Kwa Wahindu, jina la Shitala maana yake ni Aliye Baridi. Yeye ndiye huombwa awakinge watoto na ndui, surua na kila homa inayochoma mwili. Sikukuu yake huangukia siku moja kabla ya siku ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wao mwingine, nayo ina desturi yake. Siku ya kuitangulia hupikwa chakula cha siku mbili. Jioni moto huzimwa, majivu yote huzolewa, jiko husilibwa upya kwa udongo, na katikati yake hupandwa mche mbichi, kwa kuwa jiko lililoungua mwaka mzima nalo lina haki ya kuonja ubaridi. Kesho yake hakiwashwi hata kijiti cha kiberiti. Watu huoga maji baridi, huliombea jiko na watoto, kisha hula chakula kilicholala. Bibi Lataben alikuwa ameapa kwamba mwaka huu jiko lake litakuwa baridi kuliko majiko yote, ili mwili wa mjukuu wake usichomeke tena.

Kule Shinyanga mjini sikukuu hiyo aliifanya pamoja na wanawake wengine kumi na zaidi. Hapa Segese alikuwa na mkamwana wake tu. Siku ya kupika ilipofika, Bhagwati alivuka njia akaenda kwa Limi.

"Mama Makoye, nataka mche mmoja wa pamba. Mbichi. Na mizizi."

Limi alistaajabu, kwani ulikuwa wakati wa kung'oa masalia ya pamba na kuyachoma shambani ili wadudu wafe. Nani tena anautaka mche? Lakini Wasukuma wana adabu yao: jirani akikuomba moto, humwulizi anakwenda kupika nini. Limi akaenda shambani, akachagua mche uliokuwa bado na majani na tumba moja la kijani lililochelewa, akampa Bhagwati bila swali. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa na heshima.

Siku nzima moshi ulitoka katika jiko la Bibi Lataben. Ulitoka alfajiri, ukatoka adhuhuri, ukatoka mpaka jua likaelekea kuzama. Limi aliuona kutoka kwake akajisemea, "Leo wana wageni hao. Kuni zote za mwezi zitakwisha."

Asubuhi iliyofuata Limi alikamua ng'ombe, akatazama ng'ambo ya njia. Hapakuwa na moshi. Akaosha kibuyu, akatazama tena. Hata ukanda mwembamba wa moshi wa chai haukuonekana. Kwao, nyumba isiyofuka moshi asubuhi ni nyumba yenye ugonjwa, au msiba, au ufukara. Akajitwika maziwa, akavuka mbio.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Hakuna aliyeitika. Champaklal alikuwa amekwenda Kahama tangu jana kuleta bidhaa. Bibi, mkamwana na mtoto walikuwa nyuma ya ukuta wa bafu wakioga maji baridi kwa kelele nyingi, maana Girish hakuyapenda. Limi akachungulia jikoni. Pale penye kuni palikuwa peupe, pamefagiliwa. Katika jiko hapakuwa na jivu hata la kubandika kwenye ukucha. Na katikati ya jiko ulisimama ule mche wake wa pamba, umesimikwa kwenye kidonge cha udongo, mbichi, peke yake. Bibi alikuwa bado hajaupaka unga mwekundu wa ibada wala kuutandikia maua. Hayo yalisubiri watu watoke kuoga.

Katika nchi ile isiyo na miti mingi, watu waliokosa kuni huchoma mabua ya pamba. Sasa mambo yote yakajipanga kichwani mwa Limi kama ng'ombe waendao kisimani. Jana walipika sana, kuni zikawaishia. Wakaona aibu kuomba kuni, wakaomba mche wa pamba. Na maskini, kwa kuwa hawajui, wakataka mbichi! Wameuweka jikoni, umekataa kushika moto, na mtoto aliyetoka juzi tu kwenye surua amelala na njaa.

"Yarabi, mimi nami nikawapa bila kuuliza," alisema peke yake, machozi yakimlengalenga.

Akarudi kwake mbio. Akachukua mzigo wa kuni alioufuata porini mwendo wa nusu siku, akachota makaa mekundu juu ya kigae, akachukua na unga wa uwele katika sufuria ndogo. Akavuka tena njia, akapanga kuni kuuzunguka ule mche, akapuliza. Moto ukashika. Akatia maziwa na unga kwenye sufuria, akabandika. Moshi ukapanda juu ya paa la nyasi, na Limi akauangalia kwa furaha kama mtu aliyemfufua maiti.

Bibi Lataben alisikia harufu ya moshi akiwa anachana nywele. Kwanza alidhani ni ya majirani. Kisha akasikia kuni zikialika, tena karibu. Akatoka na nywele zake nyeupe zikichuruzika maji, akafika jikoni, akaona.

Alipiga ukelele uliosikika hadi dukani. Akamsukuma Limi, akaipiga teke sufuria ikasogea kando, akaingiza mkono wa kulia katikati ya ndimi za moto, akaukamata ule mche, akaung'oa. Majani yalikuwa yamekwisha kuungua. Mkono nao.

Limi hakuelewa lolote, ila alielewa kuungua. Alimkamata bibi mkono, akamvuta hadi penye beseni la maji ya kuogea yaliyobaki, akauzamisha mpaka kiwiko.

"Niache!" Bibi Lataben alifoka. "Niache, toka nyumbani kwangu! Umemwua mjukuu wangu! Toka, usikanyage tena hapa!"

"Nitatoka, bibi. Lakini mkono hautoki majini."

"Nimesema toka!"

"Nimesikia. Nifukuze nikiwa nimekushika. Mkono ukipoa nitakwenda, tena sitageuka nyuma."

Akamshika kwa nguvu za mtu anayekamua ng'ombe kila siku, na bibi mwembamba kama sindano hakuweza kujitoa. Wakabaki hivyo wamechutama, mmoja akilia kwa hasira na mwingine akilia kwa kutojua amefanya nini. Bhagwati alitoka bafuni amembeba Girish aliyefungwa taulo, akaona jiko linawaka, akakaa chini palepale.

Ukelele ule ulimleta Mageni. Huyu alikuwa akipika vitumbua kando ya duka, na zamani ndiye aliyewauzia maziwa mpaka bibi alipomwachisha, kwa sababu maziwa yake yalikuwa mepesi, ungedhani ng'ombe wake hunyonya kisimani. Alisimama mlangoni mwa uwanja mikono kiunoni, akatazama jiko, akamtazama Limi, macho yake yakang'aa.

"Nilijua mimi!" akasema. "Mtu haingii jikoni kwa mwenzake alfajiri na makaa mkononi ila ana lake jambo. Bibi, huyu ana kijicho. Hebu kumbuka, mtoto alipougua surua, nani alikuwa akija asubuhi na jioni? Si huyuhuyu? Alikuwa anafuata nini? Mimi nisingekufanyia hivi hata siku moja. Kesho nitakuletea maziwa mwenyewe, mazuri kabisa, usihangaike."

Maneno hayo yaliingia katika sikio la Bibi Lataben kama maji ya moto kwenye kidonda. Mtu mwenye hofu humeza asichokitafuna. Akamgeukia Limi, sauti yake sasa imeshuka, na kushuka huko kuliuma kuliko makelele.

"Ni kweli, Limi? Nilikukosea nini?"

Hakumwita Mama Makoye. Limi alihisi jina lake limekuwa baridi mdomoni mwa bibi, na akaona kwamba asubuhi za vitendawili zimekwisha. Akazidi kumwagia bibi maji mkononi kwa kiganja, taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Hujui ulichofanya?" bibi aliendelea. "Basi sikiliza, ujue. Hadithi hii leo lazima isimuliwe. Mwaka huu sikuwa na wa kumsimulia ila mkamwana wangu. Utaisikiliza wewe.

"Palikuwa na mke kijana. Jioni ya siku kama ya jana alikuwa akimbembeleza mtoto wake, usingizi ukamshinda, akasahau kuuzima moto. Mama Shitala hupita nyumba kwa nyumba akijilaza katika majiko yaliyopoa, apumzike. Akaingia kwa huyo, akajilaza, akaungua mwili mzima. Akasema, 'Kama nilivyoungua mimi, na tunda la tumbo lako liungue.' Asubuhi mwanamke akaamka, mtoto hana uhai."

Limi akaachia pumzi. Sasa alielewa kwa nini jiko lilikuwa tupu, na kwa nini mche. Akamtazama Girish mapajani mwa mama yake.

"Bibi... mimi..."

"Ngoja, haijaisha. Mwanamke akamtia mtoto kapuni, akajitwika, akaenda kumtafuta Mama Shitala amwombe radhi. Akatembea mpaka porini. Chini ya mti wa miiba akamkuta kikongwe anajikuna, nywele zimemsimama, kichwa kimejaa chawa."

"Chawa?" Limi aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Chawa, ndiyo."

"Wengi?"

"Mimi niliwahesabu? Wengi! Kikongwe akasema, 'Mjukuu wangu, unakwenda wapi mbio hivyo? Kichwa kinaniwaka moto. Nitafute chawa.' Yule mwanamke alikuwa na maiti ya mtoto wake, Limi. Alikuwa na haraka kuliko mtu yeyote duniani. Lakini akatua kapu, akaketi, akamlaza kikongwe mapajani, akaanza kumtafuta chawa mmoja mmoja. Akatafuta mpaka kikongwe akaacha kujikuna. Ndipo akasema, 'Mwanangu, kichwa changu kimepoa. Na tumbo lako nalo lipoe.' Mara kapuni mtoto akalia. Kikongwe alikuwa ndiye..."

Bibi Lataben akanyamaza katikati ya neno.

Alikuwa ameisimulia hadithi hiyo miaka arobaini, na kuisikia kwa mama yake miaka mingine kabla ya hapo, lakini hakuwahi kuisimulia akiwa amekaa mahali alipokaa sasa, mahali pa yule kikongwe. Aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala ndani ya maji kama samaki aliyechoka, na vidole vyeusi vya Limi vilikuwa vikiupapasa, vikimwaga maji, vikichota tena. Kumbe muda wote ule, alipokuwa akifukuza na kutukana, vidole hivyo havikuwa vimepumzika. Maumivu yalikuwa yamekwisha kutulia, asijue yalitulia saa ngapi.

"Ulikuwa unatafuta nini jikoni kwangu?" aliuliza, sasa kwa sauti nyingine.

Kabla Limi hajajibu, Bhagwati aliinuka. Akaenda jikoni, akaiokota ile sufuria iliyopigwa teke, akaileta akaiweka mbele ya mama mkwe wake. Ndani yake mlikuwa na uji wa uwele na maziwa, umeanza kuwa mzito.

"Baa," alisema, kwani ndivyo alivyomwita mama mkwe, kisha akatafuta maneno ya Kiswahili ili wote wasikie. "Uji. Wa Girish. Na kuni zake mwenyewe."

"Sikuona moshi," Limi akasema, machozi yakimdondoka ndani ya beseni. "Jana mlipika sana. Nikajua kuni zimekwisha. Nikaona ule mche, nikasema wamejaribu kuuchoma, haushiki. Nikasema mtoto huyu ametoka kwenye surua juzi tu, leo atashinda na baridi tumboni. Basi."

Hata Mageni alikuwa ameacha kuzungusha macho. Bibi Lataben aliangalia uji, akaangalia kuni za Limi, akajua zilikotoka na umbali wake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Bhagwati alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kuchoma mche wa pamba mbichi! Mama Makoye, unadhani sisi ni wajinga kiasi gani?"

"Bibi, ninyi ni wageni hapa. Mgeni hujui anajua nini."

"Bhagwati, mfungulie ghala aone."

Bhagwati akafungua mlango wa chumba kidogo. Mlikuwa na masinia matatu ya puri, yaani vimkate vya kukaangwa, chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, viazi, mtungi wa mtindi, na vitamutamu vya unga na sukari vilivyopangwa kama matofali. Limi akashika mdomo.

"Kumbe mwenye njaa hapa ni mimi!"

Wakacheka wote, hata Girish ambaye hakujua kinachochekwa. Ndipo bibi akamgeukia Mageni.

"Mageni, mimi nilipokuwa naungua, huyu alileta maji. Wewe ulileta nini?"

"Bibi, mimi nilikuwa nakuonya tu..."

"Kitendawili, Mageni. Kinawaka bila kuni."

Mageni akatikisa kichwa.

"Ulimi," Bibi Lataben akasema. "Nao leo ulikuwa unawaka wangu na wako. Wangu nimeuzima. Nenda kauzime wako, vitumbua vyako vinaungua."

Na kweli viliungua, kwani alivisahau kaangoni. Mageni akaondoka akisonya, na asubuhi ile wateja wake walikula mkaa.

Sasa likabaki jiko. Moto ulikuwa bado ukilamba kuni. Limi akainuka, akalibeba beseni, akauliza kwa macho. Bibi akaitikia kwa kichwa. Maji yaleyale yaliyoupoza mkono wake yakamwagwa jikoni, na moto ukanuna, ukalia, ukafa.

"Lakini jiko limechafuka, Baa," Bhagwati alinong'ona. "Na wewe mkono..."

Hapo Limi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza akiwa na hakika ya jambo. "Kusiliba? Hilo niachieni mimi. Mimi na samadi ni marafiki tangu utoto."

Akaenda zizini kwake, akarudi na samadi mbichi ya ng'ombe na udongo. Hapo ndipo desturi mbili zilipokutana kama mito miwili. Msukuma husiliba sakafu yake kwa samadi ya ng'ombe ili iwe safi, na Mhindu naye husiliba jiko lake kwa samadi ya ng'ombe ili liwe takatifu. Limi alizoa kila jivu, akasiliba kwa viganja, kwa mizunguko mizuri kama mawimbi, na bibi akiwa amekaa pembeni na mkono uliopakwa mtindi akimwelekeza: "Hapo pembeni umeruka. Hapo, hapo!" Bhagwati akausimika upya ule mche ulioungua majani, uliobaki na shina na lile tumba moja limekauka kwa joto. Akaupaka unga mwekundu, akatandika maua.

"Umekufa, bibi," Limi akasema kwa huzuni. "Nikuletee mwingine?"

"Acha huohuo. Huo ndio unaojua yaliyotokea."

Wakaomba. Limi hakujua maneno yao, lakini bibi alipoweka kiganja kichwani mwa Girish, naye Limi aliinamisha kichwa na kumtajia Mungu jina la mtoto huyo, na la Makoye wake. Kisha wakaketi wakala chakula kilicholala. Girish alikula puri sita, akalala alasiri nzima. Mara tatu bibi alikwenda kumgusa paji la uso kwa mkono wake mzima. Mara zote tatu lilikuwa baridi kama mtungi wa kivulini. Ule uji wa Limi haukutupwa. Uliachwa upoe, na jioni mtoto aliunywa baridi, akaomba tena.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Krishna, na moto ulikuwa umeruhusiwa tena. Asubuhi Limi alikuja na kibuyu, lakini alisimama mlangoni, maana jana alifukuzwa na hakuna aliyemwambia wazi kwamba amerudishwa. Bibi Lataben alimwona kutoka jikoni.

"Mama Makoye! Umesimama hapo kama mdai? Njoo uone. Babu yako amecheka!"

Limi akaingia. Katikati ya jiko safi, kwenye mche ule mweusi, lile tumba lililokaushwa na moto lilikuwa limepasuka, na pamba nyeupe imejaa nje kama povu la maziwa. Bibi aliichuma kwa mkono wa kushoto. Kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, alimpa Limi aisokote iwe utambi. Utambi huo ukatiwa katika taa ndogo ya samli, na ndio uliowashwa mbele ya kitanda kidogo cha kubembea cha sanamu ya mtoto Krishna. Moto uliokuja siku isiyo yake ulikuwa umepata siku yake.

Mwaka ukazunguka. Agosti nyingine ilipofika, alikuwapo Segese mke wa mwalimu mpya, jina lake Generosa, mtu wa huruma sana. Asubuhi moja alitoka kwake na makaa kwenye kigae, amejifunga kanga kiunoni, anakimbia kuelekea nyumba ya Champaklal. Limi, aliyekuwa akivuka njia na sinia la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa zamani na kukaushwa juani, viliwavyo baridi bila kudai moto, alimkingia mkono.

"Mwangaluka, mama mwalimu. Mbio za nini?"

"Dada, huoni? Nyumba ile haitoi moshi tangu alfajiri! Pengine wamepatwa na jambo."

Limi akatabasamu. Akaona jinsi mwenzake alivyokuwa anahema, na jinsi makaa yalivyokuwa yanakaribia kumchoma vidole bila yeye kujali.

"Kitendawili," akasema. "Kimelala hakiugui, kimenyamaza hakijafa."

"Sijui, dada, sema haraka!"

"Ni jiko la Bibi Lataben. Leo linapumzika. Yatue hayo makaa, twende ukale. Bibi anatafuta mtu wa kumsimulia hadithi ya chawa, na mimi nimeshaisikia."

Generosa akatua kigae kando ya njia, akacheka, akamfuata. Mlangoni alisimama Bibi Lataben, kovu jembamba likipita kwenye kiganja chake cha kulia, akiwapungia kwa kiganja hichohicho. Alipoulizwa na mgeni kovu lile lilitokana na nini, alimtazama Limi, akajibu kwa maneno aliyojifunza Segese na asiyoyasahau mpaka mwisho wa maisha yake: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu.